Shajara ya mradi: mtetemo na misi (injini kukata-kata) kwenye pikipiki kuukuu ya injini ya CG125

Chombo chenyewe ni pikipiki ya Kichina yenye injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125. Imepita miaka 10, imefanya bodaboda muda mrefu, na spidomita iliwahi kufa kwa muda mrefu, kwa hiyo kilomita zake hazijulikani. Ubavuni mwa injini imegongwa 156FMI. Somo la kwanza ni kusoma namba hiyo kabla ya kununua chochote: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda (kamili ni milimita 56.5), F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni kundi la cc 125. Ikisomeka 162FMJ, hiyo ni cc 150 yenye kipenyo cha milimita 62, na pistoni wala ringi zake hazifai hapa.

Jambo la pili la kujua: injini hii haina cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemu (shafti inayofungua valvu). Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 walitaka injini isiyodai huduma nyingi, wakaendesha kemu kwa gia, na fimbo mbili ndizo zinazopanda hadi kwenye roka, mikono inayosukuma valvu. Mwenye pikipiki alikuwa ameambiwa mahali pengine kwamba mtetemo unatokana na cheni ya taimingi iliyolegea, na amepewa makadirio ya shilingi 180,000 kufungua injini, kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya. Hakuna kipimo hata kimoja kilichokuwa kimefanyika.

4 Mei 2024: Kuandika dalili, bila kushika spana

Malalamiko yalikuja kama ugonjwa mmoja: "inatetemeka na haivuti." Tumeyatenganisha.

Asubuhi inawaka vizuri kwa choki. Choki ikirudishwa, haikai sailensa (mlio wa chini bila kushika resi), inazima. Ikishapata moto inakaa kwa taabu, na ukiachia resi mlio unachelewa kushuka. Ukifunga resi kwenye mteremko, ekzosi inapiga baruti. Mlimani ikiwa na abiria inamisi. Kuanzia spidi ya 45 vikanyagio na mikono ya usukani vinawasha. Dereva akitembea nusu saa vidole vinaingia ganzi.

Kipimo cha kwanza cha mtetemo hakina gharama. Tafuta barabara ya lami iliyo tupu, fika spidi inayotetemeka, kisha vuta klachi na uachie resi mpaka injini irudi sailensa huku chombo kikiendelea kuserereka. Mtetemo ukikata hapo hapo, chanzo ni injini au jinsi ilivyofungwa kwenye fremu. Ukibaki, chanzo ni magurudumu, cheni, beringi au tairi. Rudia spidi ile ile kwa gia ya tatu na ya nne. Ukihama pamoja na mlio wa injini, ni wa injini. Ukikaa kwenye spidi ile ile bila kujali gia, ni wa magurudumu.

Jibu letu lilikuwa yote mawili. Ule mwasho wa vidole ulikata klachi ilipovutwa, lakini chini yake ukabaki mwingine, mzito na wa polepole, kama kiti kinasukumwa juu na chini. Hesabu inasaidia kuvitofautisha. Tairi la inchi 18 la pikipiki hizi linazunguka takriban mita 1.9 kwa mzunguko mmoja. Kwa spidi ya 50 hiyo ni mizunguko kama 7 kwa sekunde, ambayo mwili unaihisi kama kuruka-ruka. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inazunguka mara 100 kwa sekunde, na hiyo mkono unaihisi kama mwasho. Mwasho na kuruka-ruka havitibiwi na kipuri kimoja.

Tumeamua kuanza na uendaji wa injini, kwa sababu injini inayomisi inatikisa fremu yenyewe, na ukipima mtetemo kabla ya kutibu misi unapima vitu viwili kwa pamoja.

5 Mei 2024: Oili, plagi, mgandamizo, tapeti

Oili ilikuwa nyeusi na chini ya alama. Tumeweka 20W-50 ya pikipiki, lita moja kasoro kidogo, na kupima kwa kijiti kikiwa kimeegeshwa tu, bila kukazwa uzi. Oili ya magari tuliikataa: klachi ya hapa imelowa kwenye oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze.

Plagi iliyotoka ilikuwa nyeupe kama chokaa kwenye ncha. Hiyo ni dalili ya petroli kidogo kuliko hewa. Mpya ni D8TC, ambayo ni sawa na D8EA, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Uzi wake ni wa milimita 12 na kina cha milimita 19. Plagi fupi itaingia na kukaza vizuri, lakini cheche itakaa ndani ya tundu badala ya kwenye chumba cha moto.

Mgandamizo, resi ikiwa wazi yote na kiki sita: paundi 95. Tukamimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: 100. Kipimo hiki cha oili ndicho kilichookoa ile 180,000. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda mfupi, kwa hiyo ringi zikiwa ndizo zimekufa, kipimo hupanda sana. Hapa kimepanda paundi tano tu. Uvujaji uko juu: valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha silinda).

Tapeti, yaani skrubu za kurekebisha nafasi kati ya roka na valvu. Njia yetu haihitaji kufungua kifuniko cha magneti (gurudumu zito kwenye ncha ya kranki): weka chombo kwenye stendi kubwa, toa plagi, ingiza gia ya nne, chomeka mrija wa plastiki wa soda kwenye tundu la plagi na uzungushe gurudumu la nyuma mbele kwa mkono. Mrija unapanda pistoni inapopanda.

Hapa tulikosea mara ya kwanza. Pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi, na sisi tulichukua kilele cha kwanza kilichotokea. Kilikuwa kile cha valvu ya ekzosi (ya kutoa moshi) kufunga na ya inteki (ya kuingiza hewa na petroli) kufungua, ambapo roka zote mbili zimekandamizwa. Tukalegeza tapeti zote mbili mpaka fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ikapita. Injini ikawaka kwa shida ikigonga kama cherehani. Sahihi ni kutazama roka ya inteki kwanza: ishuke, ipande, kisha ndipo ufuate mrija hadi kilele kinachofuata. Hapo valvu zote zimefunga.

Kabla ya kuharibu mpangilio tulikuwa tumeandika vipimo vilivyokuwepo, jambo ambalo tungesisitiza kwa yeyote anayefuata. Inteki ilikuwa milimita 0.20. Ekzosi haikuwa na nafasi kabisa. Zote zinatakiwa 0.08, injini ikiwa baridi kabisa. Inteki iliyolegea inapiga kelele tu. Ekzosi iliyobana ndiyo mbaya, kwa sababu injini ikipata moto valvu inarefuka, haikai kwenye kiti chake, mgandamizo unatoroka na valvu inaungua ukingo.

Tahadhari nyingine: ukikaza nati ya kufunga, skrubu ya tapeti inajizungusha nayo kidogo. Yetu ilishuka kutoka 0.08 hadi 0.05. Shika skrubu kwa koleo wakati wa kukaza, kisha pima tena. Fila ya 0.08 ipite kwa kukwaruza kidogo, ya 0.10 ikatae.

Mgandamizo baada ya hapo: paundi 140. Sailensa ya moto imetulia zaidi, ila ya baridi bado inazima, na resi bado inachelewa kushuka. Oili 12,000, plagi 5,000.

8 Mei 2024: Kabureta mpya, pesa iliyopotea

Tulifikia uamuzi haraka kuliko ilivyopaswa. Plagi nyeupe, resi inayochelewa, ekzosi inayopiga baruti: zote zinasema petroli haitoshi. Kabureta ya zamani, PZ26, ilikuwa chakavu kwa macho, na mpya inapatikana kwa 30,000. Tukabadilisha.

Dalili zilibaki zile zile, na zaidi ya hapo sindano ya floti (inayofunga petroli kikombe kikijaa) ya kabureta mpya haikuziba vizuri, petroli ikadondoka usiku kucha.

Kosa ni kwamba "petroli haitoshi" na "hewa imezidi" zinaonekana sawa kwenye plagi. Kabureta inaweza kutoa petroli yake yote sawasawa, na bado hewa ikaingilia mlango mwingine. Kipimo cha mlango huo kinachukua dakika mbili, na kilipaswa kutangulia.

11 Mei 2024: Mlango wa hewa

Chupa ya kunyunyizia maji, ile ya saluni au ya kupigia pasi. Injini ikiwa sailensa, nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye kila kiungo kati ya kabureta na hedi. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii. Usifanye hivyo, ekzosi ya moto iko karibu na hapo. Maji yalipofika kwenye kiunganishi cheusi kinachozuia joto, kile cha plastiki ngumu kati ya kabureta na bomba la inteki, mlio ulibadilika mara moja na injini ikataka kuzima. Maji yalikuwa yameziba ufa kwa nusu sekunde.

Tulipofungua, sababu ilionekana wazi. Mtu alikaza nati mbili za kabureta kwa nguvu, moja kabla ya nyingine. Uso wa kabureta ya zamani umepinda kama upinde: ukiweka ukingo wa rula juu yake, mwanga unapita katikati. Oring (pete ya mpira ya kuziba) nayo imelala bapa. Kabureta mpya ilifungwa juu ya kiunganishi kile kile kilichopinda, ndiyo maana haikusaidia.

Matengenezo: msasa namba 400 juu ya kipande cha kioo, tone la oili, uso wa kabureta unasuguliwa kwa kuchora namba nane mpaka rangi iwe moja kote. Kiunganishi vivyo hivyo, pande zote mbili. Oring mpya. Nati zinakazwa kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, kwa spana fupi na nguvu ya vidole, si ya bega.

Kwa kuwa kabureta ya zamani ilikuwa mezani, tuliifungua yote. Jeti ndogo, inayolisha sailensa, ilikuwa imeziba nusu. Usiizibue kwa waya wa chuma, hata mwembamba, kwa sababu unapanua tundu ambalo limepimwa kiwandani. Uzi mmoja wa mshipi wa kuvulia unatosha, kisha upepo. Chini ya kikombe cha floti kulikuwa na kutu laini kutoka kwenye tangi; tangi limesuuzwa na koki imesafishwa chujio lake. Tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi lilikuwa limejaa tope. Likiziba kabisa, tangi linajinyonga: chombo kinakwenda dakika 10 au 15 kisha kinakufa kama kimeishiwa petroli, na ukifungua kifuniko unasikia kinavuta pumzi.

Skrubu ya mchanganyiko: ikaze mpaka iguse taratibu, irudishe mzunguko mmoja na nusu, washa mpaka ipate moto, kisha itafute pale ambapo mlio uko juu kabisa. Halafu shusha sailensa hadi kama mizunguko 1,400 kwa dakika.

Matokeo: inakaa sailensa baridi baada ya dakika moja hivi ya choki, resi ikiachiwa inaanguka hapo hapo, baruti imekoma. Kabureta iliyorudi kazini ni ile ya zamani. Oring 1,000, msasa 1,000, raba ya kikombe 1,500, petroli ya kusafishia 3,300.

Mlimani bado inamisi.

14 Mei 2024: Misi ya mlimani

Safari hii tulipima kabla ya kununua. Tumebandika kipande cha tepu kwenye gripu ya resi na kingine kwenye nyumba yake, tukachora alama za robo, nusu, robo tatu na wazi yote. Kwenye kabureta ya aina hii, kuanzia sailensa hadi karibu robo inatawala jeti ndogo. Robo hadi robo tatu ni sindano. Zaidi ya hapo ni jeti kubwa. Tatizo la petroli hujirudia kwenye alama ile ile. Misi yetu haikufuata alama. Ilifuata mzigo: nusu resi kwenye tambarare hakuna kitu, nusu resi mlimani inakata-kata. Kuvuta choki kidogo hakukuiletea nafuu. Hiyo ni tabia ya umeme, kwa sababu mgandamizo mkubwa wa mlimani unahitaji cheche yenye nguvu zaidi kuvuka mwanya ule ule wa plagi.

Multimita (kipimo cha umeme). Kofia ya plagi huwa na kizuizi ndani, kwa kawaida kilo-omu 5. Yetu ilisoma 38, na ukiitikisa inapanda na kushuka. Waya wa plagi mwisho wake ulikuwa kijani kwa kutu. Tumekata milimita 6 mpaka shaba safi. Bolti ya koili (inayotoa umeme wa cheche) ilikuwa imekaa juu ya rangi, tumekwangua hadi chuma ili umeme upate kurudi kwenye fremu.

Kofia mpya 3,500. Mlima ule ule, abiria wawili, haimisi. CDI (kisanduku cha umeme kinachopanga cheche) haikuguswa. Tunasema hivyo kwa sababu ndicho kipuri kinachobadilishwa kwanza na wengi, na mara nyingi ile ya zamani inatupwa ikiwa nzima.

18 Mei 2024: Mwasho wa vidole

Injini sasa inakwenda sawa, na mtetemo wake ukabaki peke yake, hivyo unapimika.

Kwanza tuliangalia kama ugonjwa uko ndani. Plagi nje, pistoni nusu ya njia, tikisa magneti kwa mkono kidogo mbele na nyuma. Ukihisi nafasi tupu kabla pistoni haijaanza kusogea, au ukisikia mlio mdogo wa kugonga, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imekwisha. Hakuna. Nati ya magneti imekaza.

Kisha viungo vya injini na fremu. Njia: chombo kwenye stendi, msaidizi ashike resi ya kati, na wewe uweke ncha ya kidole iguse fremu na injini kwa pamoja penye kila bolti. Penye afya, pande zote mbili zinatetemeka kama kitu kimoja. Penye ugonjwa, kidole kinasuguliwa. Dalili nyingine ni unga mwekundu kuzunguka kichwa cha bolti. Hiyo ni kutu ya chuma kinachosagana, na huonekana hata kwa bolti ambayo spana inasema imekaza.

Tulipata vitu vitatu. Bolti ya nyuma chini imewekwa yenye uzi urefu wote, na uzi umesaga tundu hadi likawa yai. Bolti mbili za mbele zimekaa bila washa, zote zina unga. Na bamba la mbele linaloshika injini lina ufa wa milimita 20, uliofichwa na rangi na mafuta. Umeonekana baada ya kulisugua kwa petroli na kupaka chaki: petroli iliyoingia kwenye ufa ilitoka na kuchora mstari mweusi.

Tumenunua bolti nne zenye shina laini, daraja 8.8, na nati zenye nailoni (8,000). Bamba tukampelekea mchomeleaji, 5,000.

Hilo la mwisho limeshindwa. Ndani ya kilomita 60 ufa umerudi, pembeni ya uchomeleaji. Sababu ni tatu, na zote zilizuilika. Ufa haukuchongwa mfereji, kwa hiyo chuma cha uchomeleaji kimekaa juu ya ngozi tu. Ncha ya ufa haikutobolewa tundu la milimita 3 la kuusimamisha. Na kubwa kuliko zote: bamba lilichomelewa likiwa benchi, likapinda kwa joto, na liliporudi tulilivuta kwa bolti mpaka likakubali. Likaanza kazi likiwa tayari linavutwa.

Ukilazimika kuchomelea likiwa kwenye chombo, chomoa betri na CDI kwanza, na bana waya wa earth karibu kabisa na unapochomelea.

22 Mei 2024: Bamba jipya

Limekatwa kutoka kwenye bamba la chuma la milimita 5. La zamani lilikuwa kama 4. Matundu hayakunakiliwa kutoka kwenye bamba bovu. Tuliweka injini mahali pake kwa bolti za nyuma, tukaishikilia chini kwa jeki na kipande cha mbao, tukabana bamba tupu mbele na kuweka alama kwa kupitia matundu yenyewe. Yametobolewa milimita 8.2 kwa bolti za 8. Tundu la yai la nyuma limejazwa, likatobolewa upya.

Utaratibu wa kufunga ndio wenye thamani hapa kuliko bamba lenyewe. Bolti zote ziingie kwa mkono. Ikikataa, usiipige nyundo. Inua au shusha injini kwa jeki mpaka ipite. Zote zikishaingia, ndipo kaza, kidogo kidogo kwa kuzunguka. Kabla ya kukaza mbele tulikuta mwanya wa milimita 1.5 kati ya bamba na fremu upande wa kulia. Tuliujaza kwa washa. Ukiufunga kwa nguvu ya bolti, mvutano unabaki kwenye bamba na ufa unarudi. Tulikaza kwa Nm 22 (kipimo cha nguvu ya kukaza), zikarudiwa baada ya kilomita 50: mbili zilikubali kidogo.

Kazi yote 12,000. Kwa spidi ya 45 hadi 60 mwasho umeondoka. Unaanza kusikika karibu na 75.

27 Mei 2024: Kuruka-ruka

Sehemu hii ilikuwa rahisi kwa kuwa kipimo cha klachi kilishaonyesha upande.

Cheni, 428: mahali pamoja inacheza milimita 15, ukizungusha gurudumu nusu inacheza 45. Ukikaza kwa kufuata pale palipolegea, pale palipobana panavuta beringi na shafti kila mzunguko. Urefu wa pingili 20 ukiwa mpya ni milimita 254. Hii ni 261. Seti nzima na sproketi zote mbili imebadilishwa, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyopinda inaharibika haraka. Mchezo umewekwa milimita 20, ukipimwa pale panapobana zaidi.

Raba za habu ya nyuma zilikuwa zimekonda, sproketi inacheza kwa mkono. Beringi za gurudumu la mbele zilikuwa zinakwaruza. Soma namba ubavuni badala ya kutaja jina la pikipiki dukani. Zetu ni 6301. Unapozigonga, gusa duara la nje tu, na usisahau bomba la kati. Bila hilo, kukaza ekseli kunakandamiza beringi mpya na kuziua.

Rimu ya mbele ilicheza milimita 4 pembeni, ikapimwa kwa waya uliofungwa kwenye foki. Spoki zimenyooshwa hadi ikawa chini ya 1.5. Tairi la nyuma mstari wake wa ubavuni haukuwa sawa na rimu: mahali pamoja ulizama. Limetolewa upepo, likapakwa maji ya sabuni, likajazwa mpaka likakaa. Kuzama huko peke yake kulikuwa sehemu kubwa ya kuruka. Upepo uliokuwemo ni paundi 40 nyuma, desturi ya wanaobeba mizigo. Sasa ni 25 mbele na 32 nyuma kwa abiria mmoja.

Seti ya cheni 38,000, raba 6,000, beringi mbili 10,000, spoki 5,000.

15 Juni 2024: Baada ya kilomita 600

Jumla hadi leo ni shilingi 141,300, bila ufundi wetu. Kati ya hizo 35,000 hazikununua kitu: kabureta 30,000 na uchomeleaji wa kwanza 5,000.

Bolti za injini hazijasogea, na hakuna unga. Bamba halina ufa. Plagi ni kahawia isiyokolea. Cheni imekazwa mara moja.

Mwasho wa spidi ya 75 na kuendelea upo, na tumemweleza mwenye chombo kwamba hauondoki kwa spana. Uzito wa kranki kwenye pistoni moja husawazisha takriban nusu tu ya uzito unaopanda na kushuka. Ukizidisha, mtetemo unahamia mbele na nyuma. Baadhi ya injini za ukoo huu za cc 200 zina shafti ya kusawazisha. Hii haina. Gripu nene na uzito kwenye ncha za usukani vinapunguza ganzi.

Linalotushughulisha zaidi ni tapeti ya ekzosi. Ilifungwa 0.08, leo baridi imesoma 0.06. Inteki haijabadilika. Kilomita 600 ni chache kwa mabadiliko hayo, na maana yake inawezekana ukingo wa valvu ulishaungua au kiti kinaliwa. Imerudishwa 0.08, na itapimwa kila kilomita 500. Ikishuka tena kwa kiasi hicho, hedi itatoka, valvu itasagwa kwenye kiti chake, na petroli itamiminwa kwenye mlango wa ekzosi kuona kama inapenya.